XDR ipi kwa kampuni ipi: Defender, Falcon, Singularity, Cortex na wenzao mezani

Mtu anayetafuta programu ya XDR (Extended Detection and Response, yaani ulinzi unaogundua na kujibu mashambulizi kwa kusoma data ya vyanzo vingi pamoja) kwa ajili ya kampuni yake hukutana kwanza na majedwali ya wauzaji yaliyojaa alama za tiki kutoka juu hadi chini, huku kila muuzaji akijinadi kuwa ndiye aliyegundua mashambulizi yote katika majaribio ya karibuni. Majedwali hayo hayamfikishi mbali. Nimekaa mbele ya dashibodi za mifumo hii kwa miaka, nyingine nikizisimamia na nyingine nikizifanyia majaribio tu, na msimamo wangu ni kwamba bidhaa zilizo mstari wa mbele zinakaribiana sana katika uwezo wa kumwona mvamizi. Zinaachana baada ya kumwona: mfumo unaunganisha vipi dalili zilizotapakaa, unachukua hatua gani wenyewe, na unamhitaji mtu wa aina gani awe macho saa nane usiku. Kampuni isiyojiuliza swali hilo la mwisho kabla ya kutia saini mkataba huishia kulipia kengele ambayo hakuna anayeisikia.

Jina lenyewe halina umri mrefu. Mwaka 2013 Anton Chuvakin, aliyekuwa mchambuzi wa kampuni ya utafiti wa teknolojia ya Gartner, alipendekeza jina kwa kundi la zana zilizorekodi mienendo ya programu ndani ya kompyuta ili iweze kuchunguzwa baadaye, na zana hizo ndizo zilizokuja kujulikana kama EDR (Endpoint Detection and Response, yaani kugundua na kujibu mashambulizi kwenye kompyuta yenyewe). Mwaka 2018 Nir Zuk, mwanzilishi wa Palo Alto Networks, aliiondoa herufi ya kwanza na kuweka X, kwa hoja kwamba kuitazama kompyuta peke yake hakutoshi na kwamba kumbukumbu za matukio (logs) za mtandao, za wingu na za akaunti za watumiaji zinapaswa kusomwa pamoja. Tangu hapo karibu kila kampuni ya usalama imebandika herufi hizo kwenye bidhaa yake, zikiwemo bidhaa ambazo kwa hakika ni EDR iliyoongezewa kichupo cha kusomea kumbukumbu za ukuta-moto (firewall). Kuna tofauti kubwa kati ya mfumo unaoyaunganisha matukio ya vyanzo mbalimbali kuwa kisa kimoja na mfumo unaoyarundika mahali pamoja tu, na tofauti hiyo haionekani kwenye kipeperushi.

Chukua mfano wa karani wa uhasibu anayepokea barua pepe ya hadaa yenye kiungo cha ankara. Ukurasa unaofunguka unafanana na ule wa kuingilia kwenye akaunti yake kwa sababu kwa kweli ni ule ule, ila umepitishiwa kwenye seva ya mvamizi iliyokaa katikati. Karani anaandika nenosiri, anaidhinisha kwa simu yake kama alivyofundishwa, na mvamizi anaondoka na kidakuzi (cookie) cha kipindi hicho, ambacho kinamwezesha kuingia bila kuulizwa nenosiri wala uthibitisho wa pili. Muda si mrefu kuna mtu mwingine ndani ya sanduku la barua la karani, na ameweka kanuni inayohamishia kila barua inayotaja malipo kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua, ili majibu ya wateja yasionekane. Katika mkasa wote huu kompyuta ya karani haikuendesha programu yoyote ngeni. EDR iliyomo humo, hata iwe bora kiasi gani, haina cha kuripoti. XDR halisi inavyo vipande vinne mkononi, yaani barua, mbofyo, kuingia kusiko kwa kawaida na kanuni mpya, na kazi yake ni kuvikusanya kuwa kisa kimoja chenye jina la karani juu yake, badala ya kutoa tahadhari nne za kiwango cha chini ambazo zitafungwa na mtu mwenye usingizi.

Mfano wa pili umeandikwa hadharani. Machi 2025 kampuni ya uchunguzi ya S-RM ilieleza shambulio la kundi la Akira ambapo EDR ilifanya kazi yake vizuri: ilizuia faili lililobeba programu ya kudai fidia lilipofikishwa kwenye seva ya Windows. Wavamizi hawakuondoka. Walipekua mtandao, wakakuta kamera ya wavuti inayoendeshwa na Linux, isiyo na ajenti yoyote (programu ndogo ya ulinzi inayowekwa ndani ya kifaa), wakaitumia kuyafikia mafaili ya seva kupitia SMB, itifaki ya kushirikiana mafaili, na kuyasimba, yaani kuyafunga kwa msimbo yasisomeke, kutoka huko. Kamera inayosoma na kuandika kwenye seva ya mafaili ni jambo la kumshtua yeyote anayeliona, ila upande huo haukuwa na mtu wala mfumo uliokuwa ukiutazama. Kwa hiyo muuzaji anaponiambia kwamba bidhaa yake ni XDR, swali langu la kwanza huwa ni kuhusu kamera, printa na vifaa vingine ambavyo haviwezi kuwekewa ajenti.

Nianze na Microsoft Defender XDR, iliyoitwa Microsoft 365 Defender hadi mwishoni mwa 2023, kwa sababu ina faida ambayo washindani wake hawawezi kuinunua: kampuni nyingi tayari zimeweka barua, akaunti na mafaili yao mikononi mwa Microsoft. Kisa cha karani kilichotajwa hapo juu kinatokea ndani ya nyumba yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Defender for Office 365 inaiona barua na mbofyo, mfumo wa utambulisho unaona kuingia, Defender for Cloud Apps inaona kanuni ya sanduku la barua, Defender for Identity inaangalia seva za Active Directory zinazotunza akaunti za kampuni, na vyote vinamwagika kwenye ukurasa mmoja wenye mchoro wa nani aligusa nini. Anayetaka kusaka mwenyewe anaandika maswali kwa lugha ya KQL: anachukua jedwali la UrlClickEvents, analiunganisha na DeviceProcessEvents kwa jina la mtumiaji na muda, na kwa mistari michache anapata orodha ya wote waliobofya kiungo fulani na kila programu iliyoanza kwenye kompyuta zao robo saa iliyofuata. Uwezo huo ni mtamu, na aliyeuzoea huona tabu kurudi kwenye mifumo ya kubofya vichujio. Data ghafi ya usakaji huo hata hivyo hukaa siku 30 tu, na anayetaka kurudi nyuma zaidi hulazimika kuihifadhi kwingine, kwa kawaida kwenye Microsoft Sentinel, ghala la kumbukumbu za usalama ambalo lina bili yake.

Kinachoipa Defender alama ya juu zaidi machoni pangu ni uwezo wake wa kukatiza shambulio bila kusubiri mtu. Mfumo ukiwa na uhakika wa kutosha kwamba akaunti imetekwa au kwamba usimbaji wa mafaili umeanza, unaizima akaunti hiyo au kuitenga kompyuta papo hapo, kisha unaeleza sababu. Kwa kampuni isiyo na zamu ya usiku, hatua hiyo moja ina thamani kuliko ripoti mia za asubuhi.

Tatizo la Defender ni leseni. Kuna E3 na E5, viwango vya leseni za Microsoft 365, kuna mpango wa kwanza na wa pili wa bidhaa ile ile, kuna Defender for Business kwa kampuni zisizozidi watumiaji 300, seva zinalipiwa kivyake, na si ajabu kukuta kampuni inayoamini kwamba ina kila kitu kumbe ina nusu yake. Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2023, kundi lililopewa jina la Storm-0558 lilipotumia ufunguo wa kutia saini ulioibwa kutoka Microsoft kughushi vibali na kusoma barua pepe za maofisa wa serikali ya Marekani. Waliogundua ni Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, na waliweza kwa sababu walikuwa wakilipia leseni ya juu iliyorekodi kila barua inayofunguliwa. Wateja wa leseni za chini hawakuwa na kumbukumbu hizo. Baada ya lawama nyingi Microsoft iliwafungulia wateja wengi zaidi kumbukumbu hizo, lakini tukio hilo linabaki kuwa hoja nzito ya yeyote anayesita kumkabidhi mtu mmoja mfumo endeshi, barua na ulinzi kwa pamoja. Nami nina kusita huko, ingawa kwa wengi wanaoniuliza bado naanza kwa kupendekeza Defender, mradi tu leseni ya E5 tayari inalipwa.

CrowdStrike Falcon imeshika upande mwingine. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 2011 na ilijenga jina lake juu ya ajenti moja nyepesi inayopeleka matukio kwenye wingu, ambako uchambuzi unafanyika. Mti wa michakato unaoonyeshwa na Falcon ni miongoni mwa iliyo wazi zaidi kusomeka: unaona Word ikianzisha PowerShell (zana ya amri ya Windows), PowerShell ikiwa na amri iliyofichwa kwa usimbaji wa herufi, kisha anwani iliyopigiwa, kila hatua ikiwa imepewa jina la mbinu yake kwa mujibu wa orodha ya mbinu za wavamizi ya shirika la Marekani la MITRE, iitwayo ATT&CK. Mchambuzi mchanga anaweza kuuelewa kwa maelezo ya dakika chache. Upande wa kumbukumbu ulikuja kwa kuinunua Humio mwaka 2021, na ulinzi wa utambulisho ulitokana na Preempt iliyonunuliwa mwaka 2020. Leo vimeungana vizuri kiasi kwamba mishono haionekani sana, ingawa kila kipande ni moduli inayolipiwa peke yake na bei ya kuanzia haifanani na bei ya kumalizia. Nguvu yake halisi ni watu. OverWatch ni kundi la wasakaji wanaopitia data ya wateja usiku na mchana, na Falcon Complete ni huduma ambayo wataalamu wao hushika usukani kabisa, wakasafisha kompyuta na kukuandikia walichofanya.

Haiwezekani kuzungumzia Falcon bila tarehe 19 Julai 2024. Saa 04:09 kwa saa za UTC sasisho la maudhui, lile la faili nambari 291, lilisukumwa kwa kompyuta za Windows duniani kote, na kwa kuwa ajenti ilikuwa ikilisoma ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, kosa moja la kusoma nje ya mipaka ya kumbukumbu ya kompyuta (memory) lilitosha kuiangusha kompyuta nzima. Sasisho lilirudishwa nyuma baada ya dakika 78, lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaathirika, na nyingi zilihitaji mtu azifikie moja moja, aziwashe katika hali salama, alifute faili hilo, na aandike ufunguo wa BitLocker pale diski iliposimbwa. Kilichowakera wasimamizi waangalifu ni kwamba wengi wao walikuwa wamechagua kubaki toleo moja nyuma, na chaguo hilo halikuwalinda kwa sababu lilihusu ajenti yenyewe tu, si maudhui yake. Tangu wakati huo CrowdStrike husambaza maudhui kwa awamu na kuwaruhusu wateja kuamua kompyuta zipi zitangulie. Sioni kwamba tukio hilo ni sababu ya kuikimbia bidhaa. Ni sababu ya kumuuliza kila muuzaji, wa Falcon na wa nyingine zote, masasisho yake ya kila siku yanapitia hatua gani kabla hayajafika kwenye seva za malipo, na kukataa jibu la jumlajumla.

Hapa kuna jambo la pembeni lakini linalofaa kujulikana. Apple ilianza kuzitoa programu za usalama nje ya kerneli tangu macOS ya mwaka 2019, kwenye Linux wauzaji wengi wamehamia eBPF, njia salama zaidi ya kutazama matukio ya kerneli, na Microsoft baada ya mkasa huo imeanza kujenga njia ya kuziondoa programu za ulinzi kwenye kerneli ya Windows. Anayetia saini mkataba wa miaka mitatu leo huenda akajikuta akitumia ajenti iliyoandikwa upya kabla mkataba haujaisha, na hilo liwemo kwenye mazungumzo ya bei.

Singularity ya SentinelOne, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2013, ina falsafa iliyo kinyume na ya Falcon ya asili: maamuzi mengi hufanywa na ajenti yenyewe, hata intaneti ikikatika. Kwa kampuni yenye meli, migodi au magari ya kazi yanayopotea kwenye mtandao kwa saa nyingi, hili peke yake linaweza kumaliza mjadala. Teknolojia yake ya Storyline huipa kila mnyororo wa matukio kitambulisho kimoja, hivyo kuua mchakato mmoja kunaweza kuvuta mnyororo wote. Kuna pia kitufe cha kurudisha mafaili kama yalivyokuwa kabla ya kusimbwa, kinachopendwa sana kwenye maonyesho ya mauzo. Kitufe hicho kinafanya kazi kwenye Windows na kinategemea nakala kivuli (nakala za mafaili ambazo Windows huzihifadhi kwenye diski hiyo hiyo) za mfumo huo huo, kwa hiyo ni cha manufaa kwa kompyuta ya mtu mmoja lakini hakichukui nafasi ya nakala za akiba zilizohifadhiwa mbali. Wenye idara kubwa ya waandishi wa programu watarajie kutumia wiki za mwanzo wakiandika vighairi, maana zana za ndani zisizotiwa saini hufanana sana na programu hasidi kwa jicho la modeli inayoangalia tabia.

Cortex XDR ya Palo Alto Networks inampendelea mwenye kuta-moto za kampuni hiyo. Mvuto wake ni kushona: muunganiko wa mtandao uliorekodiwa na ukuta-moto unashikamanishwa na mchakato uliouanzisha kwenye kompyuta, hadi mchambuzi anaona kwamba trafiki ile ya ajabu kwenda nje ilitoka kwenye programu gani, iliyoanzishwa na nani. Kwa mfano wa kamera ya Akira, mfumo wenye macho ya namna hii kwenye mtandao ungekuwa na nafasi nzuri ya kuona. Lugha yake ya kuulizia, XQL, ina nguvu na inahitaji mtu aliyekaa chini kuisoma. Malipo yana sura mbili, kwa idadi ya kompyuta na kwa ukubwa wa data inayoingizwa, na sura ya pili ndiyo huwashangaza wahasibu, kwa kuwa ukuta-moto wenye shughuli nyingi huzalisha kumbukumbu bila huruma. Sipendekezi Cortex kwa kampuni isiyo na angalau wachambuzi wawili ambao kazi yao ni hiyo tu. Kwa iliyo nao, ni chombo cha hali ya juu.

Sophos haizungumzwi sana kwenye mikutano mikubwa, na naona ni kwa kutotendewa haki. Kampuni hiyo ya Uingereza ya tangu 1985 imelenga biashara ndogo na za kati, na inaonekana kwenye dashibodi yake, ambayo haimlazimishi mtu kujifunza lugha ya kuulizia ndipo atenge kompyuta. CryptoGuard yake inatazama mafaili yenyewe badala ya kumtafuta tu anayeyagusa, hivyo hutambua usimbaji unaotoka kwenye kifaa kingine kisicho na ulinzi, ukauzuia na kuyarudisha mafaili. Hiyo ndiyo mbinu iliyotumiwa kupitia kamera. Ukuta-moto wake na ajenti yake huzungumza moja kwa moja, na kompyuta iliyougua hukatwa na ukuta-moto bila mtu kuagiza. Februari 2025 ilikamilisha kuinunua Secureworks, na huduma yake ya ulinzi unaosimamiwa, inayokubali pia kusoma data ya ajenti za wauzaji wengine, ndiyo ambayo ningeitazama kwanza kama ningekuwa na mtaalamu mmoja tu wa kompyuta anayeshughulikia kila kitu kuanzia printa hadi seva.

Trend Micro, ya tangu 1988, imeweka kila kitu ndani ya Vision One na kukiuza kwa alama za malipo (credits) unazozigawa kati ya barua, seva na kompyuta upendavyo. Mpango huo unabadilika kirahisi ukishauelewa, na kuuelewa ni kazi. Upekee wake ni viraka pepe (virtual patching), yaani kuzuia udhaifu usitumiwe bila kuigusa programu yenyewe: mpango wa Zero Day Initiative, ulioanza mwaka 2005 na kuingia mikononi mwa Trend mwaka 2016, hununua taarifa za udhaifu kutoka kwa watafiti, na kinga hufika kwa wateja kabla mtengenezaji wa programu yenye kasoro hajatoa kiraka. Mwenye seva kuukuu ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa aitazame kwa makini. Cisco XDR, iliyotoka mwaka 2023, ni ya aina nyingine: haikulazimishi kutumia ajenti ya Cisco, na inasoma data ya Falcon, Defender au Singularity na kuichanganya na ya mtandao. Kwa asiye na vifaa vya Cisco sioni sababu ya kuanzia hapo.

Wazuh inahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa kuwa kila mjadala wa bei huishia kwake. Ni programu huria iliyochipuka mwaka 2015 kutoka OSSEC, programu huria nyingine ya kugundua uvamizi, haina ada ya leseni, na imeundwa kwa ajenti, seva ya uchambuzi, ghala la data na dashibodi. Inasoma kumbukumbu, inatambua mabadiliko ya mafaili, inaorodhesha udhaifu wa programu zilizowekwa na inaweza kuendesha hati ya kujibu, kwa mfano kuifungia anwani inayojaribu manenosiri. Lakini kwenye Windows inategemea sana Sysmon, zana ya Microsoft ya kurekodi matukio, ili ione michakato kwa undani, haimzuii mvamizi ndani ya kerneli kama zifanyavyo bidhaa za kulipia, na kanuni zake zinataka mtu wa kuzinoa mwezi baada ya mwezi. Ghala la data nalo linakula diski. Kuiita XDR ni ukarimu; kuidharau ni ujinga, maana kampuni yenye wasimamizi wa Linux waliobobea inaweza kupata kwayo mwonekano ambao jirani yake anaulipia pesa nyingi. Iwekwe pamoja na kinga nyingine ya kompyuta, isiwekwe badala yake.

Kuhusu majaribio ya MITRE ambayo wauzaji wote huyanukuu, yanafaa kusomwa na mtu mwenye shaka kidogo. MITRE huiga mbinu za makundi halisi ya wavamizi, kama vile APT29, FIN7 na Turla katika miaka iliyopita, ikachapisha kilichoonekana na kila bidhaa katika kila hatua. Haitoi alama za jumla wala kumtangaza mshindi, na asilimia zinazotangazwa hupigwa na idara za masoko za wauzaji wenyewe. Muuzaji huja akiwa ameiandaa bidhaa yake, kwenye mtandao mdogo usio na kelele za kazi halisi. Ni katika awamu ya 2024 tu ndipo tahadhari za uongo zilipoanza kuhesabiwa, na kwa mwendeshaji wa kila siku hicho ndicho kipimo chenye uzito zaidi. Kisha katika awamu ya 2025 Microsoft, SentinelOne na Palo Alto Networks hazikushiriki. Matokeo ghafi yana faida kwa mtu anayetafuta jinsi bidhaa ilivyoieleza hatua fulani. Kama orodha ya ubora hayafai.

Jaribio lenye thamani ni lile unalolifanya kwako. Chagua bidhaa mbili, si tano, uziweke kwenye kompyuta za watu wanaolalamika haraka, kwenye seva yako kuukuu kuliko zote na kwenye Linux yenye kerneli mpya kuliko zote, na uhakikishe kipindi hicho kinaangukia mwisho wa mwezi ambapo uhasibu na nakala za akiba vinafanya kazi kwa pamoja. Tumia Atomic Red Team, mkusanyiko huria wa majaribio madogo ya Red Canary, uige kufuta nakala kivuli kwa amri ya vssadmin na kunyofoa manenosiri kutoka kwenye kumbukumbu ya LSASS, mchakato wa Windows unaosimamia kuingia kwa watumiaji. Bidhaa yoyote kati ya hizi itashika hayo, ila tazama imeeleza nini na kwa lugha ipi. Halafu fanya yale ambayo wasimamizi wako hufanya kihalali, yaani zana za kuendesha kompyuta kwa mbali kama PsExec na AnyDesk, na hati za PowerShell za kila wiki, uone kelele inayotoka. Jaribu kuiondoa ajenti ukiwa na haki za msimamizi wa kompyuta, kwa maana wavamizi siku hizi huanza hapo: Agosti 2024 Sophos ilieleza zana iliyoitwa EDRKillShifter, inayopakia kiendeshi halali chenye udhaifu ili kuzizima programu za ulinzi. Mwisho tenga kompyuta mpakato ambayo mwenyewe yuko safarini akitumia intaneti ya simu, kisha uirudishe. Kuitenga ni rahisi kwa zote. Kuirudisha bila kumpigia mtu simu ndiko kunakotofautisha.

Ukiwa na E5 na timu ndogo, chukua Defender na utumie muda wako kuwasha vipengele vya kukatiza shambulio ambavyo wengi huviacha vimelala. Usipokuwa na E5 wala mtu wa usiku, usinunue programu peke yake. Nunua huduma yenye watu, Falcon Complete kama bajeti inaruhusu na ya Sophos kama hairuhusu. Kazi zako zikiwa mbali na mtandao, Singularity. Ukiwa na wachambuzi na kuta-moto za Palo Alto, Cortex. Na kwa huduma yoyote inayosimamiwa na watu wa nje, soma sehemu ya mamlaka kabla ya sehemu ya bei, kwa sababu wapo wanaotenga seva mara moja na wapo wanaotuma barua pepe na kusubiri ruhusa. Andika kwenye mkataba, seva kwa seva, ni zipi wanazoruhusiwa kuzikata bila kuuliza na ni zipi ambazo lazima wapige simu kwanza, pamoja na jina la atakayeipokea simu hiyo na la yule atakayeipokea wa kwanza asipopatikana.